Siku Sita Zilizobaki

Raelene Pocock hakuwa na haja ya kupiga kelele. Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro, alitoka ofisini kwake na karatasi moja, akaibandika kwenye mlango wa friji ya hosteli yake, kisha akarudi ndani bila kumtazama mtu. Jina lako likiwamo, kesho unapanda vani kwenda shambani. Lisipokuwamo, unabaki kutazama dari, na kodi ya kitanda unalipa vilevile. Vijana arobaini na kitu waliisogelea karatasi ile kama wanafunzi wanaotafuta matokeo ya mtihani. Waliokosa hawakuuliza kwa nini. Aliyeuliza alikosa na kesho kutwa.

Nuala Geraghty hakuwahi kuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na minane, nesi wa miaka mitano kutoka Roscommon, Ireland, na alikuwa ameingia Australia kwa viza ya vijana, ile ya mwaka mmoja ya kutembea na kufanya kazi. Anayetaka mwaka wa pili sharti amalize siku themanini na nane za kazi ya shamba, na mwenye shamba atie saini. Hospitali moja ya Adelaide ilikuwa imeshamwambia nafasi ipo, lete viza tu. Kwa hiyo alinyamaza. Alinyamaza alipopewa godoro lenye kunguni. Alinyamaza alipoambiwa kuwa siku ya mvua haihesabiwi hata kama ulisimama kwenye tope kwa saa tatu. Alhamisi ile ya tarehe nane Novemba alikuwa na siku themanini na mbili mkononi. Viza yake ilikuwa inakwisha usiku wa manane wa kuamkia tarehe kumi na tisa.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja aitwaye Col Baumgart, kilomita kumi na nane kutoka mji wa Tarrabong, pilipili hoho mistari kwa mistari mpaka jicho linachoka. Mzee mwenyewe hawakumwona. Waliyemwona ni Trent, mtoto wa Raelene, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekaa juu ya trela na redio ya mkononi, akiwahesabia ndoo na kuwahimiza.

Saa tano asubuhi jua lilikuwa limeshakuwa kali mno. Nuala aliona mwenzake wa mstari wa pili akirudia kuchuma mche uleule ambao haukuwa na kitu. Huyu alikuwa Hsiu-wen, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Tainan, Taiwan, aliyelala kitanda cha juu yake. Mwepesi wa mikono kuliko wote, na maneno yake kwa siku yalihesabika.

"Wewe! Mstari huo umeshaupita!" Trent alimfokea kutoka juu.

Hsiu-wen akajibu kwa lugha ya kwao, tena hakumjibu yeye, alikuwa anazungumza na mtu asiyekuwapo. Kisha akaanguka.

Nuala alimfikia kwanza. Akamshika shingo. Ilikuwa moto kama bati, na kavu. Hilo la ukavu ndilo lililomtisha.

"Trent, hatoki jasho huyu. Piga redio nyumbani kwa mzee, aite gari la wagonjwa."

"Mzee hasumbuliwi. Mlaze chini ya trela, atazinduka."

"Hatazinduka. Ubongo wake unachemka."

"Jana usiku nilisikia kelele chumbani kwenu. Mlikunywa, sasa mnanililia mimi."

"Huyu hanywi! Hata bia hajawahi kuionja. Piga hiyo redio."

Trent aliiweka redio pajani, akaifunika kwa kofia. "Nesi wetu. Ukiwa huku wewe ni mchumaji. Rudi kwenye mstari."

Mtandao wa simu haukushika shambani pale. Nuala alitazama vani iliyokuwa chini ya mti, funguo zikining'inia mahali pake, akamwita Rhodri, Mwelshi mrefu aliyekuwa rafiki yake tangu wiki ya kwanza. "Nishikie miguu."

Rhodri alimtazama Trent kwanza, ndipo akainama kushika. Walimpakia. Nuala akachukua dumu la maji ya kunywa ya watu wote, akalimwaga lote juu ya binti yule, nguo na nywele, akafungua madirisha, akaondoka. Kwenye kioo alimwona Trent akikimbia nyuma kwenye vumbi, mdomo wazi.

Hospitali ya wilaya walimpima joto: nyuzi arobaini na moja na pointi sita. Daktari aliuliza nani aliyemlowesha njiani, Nuala akasema ni yeye, daktari akatikisa kichwa kukubali, kwa namna ambayo manesi wanaielewa. Kisha akauliza shamba la nani, na nani msimamizi, akaandika.

*

"Kaa, kipenzi," Raelene alimwambia jioni ile ofisini. Kila mtu alimwita kipenzi, na hasa aliokuwa amewachoka.

"Nitasimama tu."

"Umeiba gari."

"Nimepeleka mgonjwa hospitali."

"Umeacha watu kumi na mmoja juani bila maji na bila usafiri kwa saa mbili unusu. Angeanguka mwingine ungempeleka na nini? Na mtoto wangu umemvunjia heshima mbele ya wafanyakazi."

"Mtoto wako alikuwa na redio mkononi."

Raelene alitabasamu. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, nywele zimechanwa vizuri, kucha zimepakwa rangi ya chungwa. "Nenda ukapumzike, kipenzi. Utakuwa na muda mwingi wa kupumzika."

Karatasi ilipobandikwa, jina la Nuala halikuwamo. Wala la Rhodri. Wala la mtu yeyote wa chumba chao, namba sita.

Ijumaa walikaa. Jumamosi walikaa. Chumbani hakuna aliyemsemesha. Alipoingia jikoni wenzake waliinua sahani zao wakahamia uani. Mtu alichukua maziwa yake kwenye friji akayamwaga kwenye sinki, chupa akaiacha palepale aione. Jumamosi mchana alimkuta Rhodri kwenye ngazi akivuta sigara.

"Rhodri, hata wewe?"

"Hata mimi nini, dada nesi? Nimebakiza siku kumi na saba. Wewe ulitaka kuwa shujaa, ukaniita mimi nishike miguu."

"Angekufa."

"Pengine. Pengine asingekufa." Alitema mate. "Maji yetu ulimwagia yeye. Ulituuliza? Kijana mmoja wa Kijerumani alitapika hadi jioni. Huyo hukumwona, kwa sababu hukuwapo."

Lile la maji lilikuwa kweli.

Jumapili asubuhi Raelene alimwita tena. Safari hii kulikuwa na chai mezani, na karatasi iliyopigwa chapa. Ofisi ya kazi ilikuwa imepiga simu, alisema. Daktari fulani mwenye kiherehere amewapelekea habari. Si jambo kubwa. Watakuja, watauliza, wataondoka.

"Wewe ni nesi. Neno lako litawatosha. Soma."

Nuala alisoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, nesi aliyesajiliwa, alishuhudia Hsiu-wen akinywa pombe usiku wa kuamkia Alhamisi, na kwamba msimamizi alimpa kivuli na maji akavikataa.

"Huu ni uongo mtupu."

"Ni karatasi, kipenzi. Tia saini, kesho jina lako ni la kwanza. Leo ni tarehe kumi na moja. Siku zinakutosha, na moja ya akiba. Chumba chenu chote nakirudisha kazini. Usipotia, mimi sina kazi kwa wezi wa magari, na tarehe kumi na tisa utakuwa ndani ya ndege." Akamsogezea kalamu. "Kaa nayo mpaka kesho. Sikukimbizi."

Nuala aliichukua. Afadhali niseme wazi kwamba aliichukua akiwa na nia ya kusaini. Alikuwa ameiona kichwani wodi ya Adelaide, na chumba alichokuwa ameshaonyeshwa kwa picha, na Roscommon alikotoka, ambako kaka yake alikuwa amerithi nyumba na mkewe hakumtaka wifi ndani. Alichotaka ni ruhusa ya Hsiu-wen tu, ili moyo usimsute. Akapanda basi kwenda hospitali.

Hsiu-wen alikuwa ameketi kitandani, amekonda, sindano ya maji mkononi. Alipomwona Nuala hakusalimu.

"Nani alikuomba?" alisema.

"Unasemaje?"

"Nani alikuomba unilete hapa? Wameniuliza maswali. Wameandika jina langu, namba ya pasipoti. Raelene ameniletea ujumbe kwamba kitanda changu amekitoa. Nina siku arobaini na moja. Nitazipata wapi zilizobaki? Nani atamchukua mtu aliyeandikwa na ofisi ya kazi?"

"Hsiu-wen, ulikuwa unakufa. Ulikuwa unaongea na hewa."

"Nilikuwa nimechoka. Ningelala kidogo." Macho yalimjaa machozi, lakini yalikuwa ya hasira. "Wewe ukirudi kwenu ni nesi. Mimi nikirudi nitasimama kwenye duka la simu la mjomba, na kila siku atanikumbusha nani alinilipia tiketi."

Nuala akamwonyesha karatasi. Hsiu-wen aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Saini," akasema.

"Inasema ulilewa."

"Sema nililewa. Sema nilivuta bangi. Sema lolote. Saini, na umwambie Raelene anirudishe."

Ruhusa ndiyo hiyo, ilikuwa imetolewa, tena kwa amri. Nuala alirudi stendi ya basi, akaiweka karatasi juu ya goti, akafungua kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Hapo akamwona Trent akilini, si Trent wa Alhamisi iliyopita bali wa wiki ijayo, amekaa juu ya trela, mtu mwingine ameanguka, naye anasema kalewa huyo, na nesi mmoja aliwahi kuthibitisha kwa maandishi kwamba ndivyo wanavyofanya. Akafunga kalamu. Hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia kama mtu anayevunja sahani kwa makusudi akijua hana nyingine.

Jumatatu asubuhi aliirudisha.

"Huwezi au hutaki?" Raelene aliuliza.

"Sitaki."

"Basi nyumba yangu ina watu wanaotaka." Alinyanyuka, akaufungua mlango wa ofisi kwa heshima zote. Nuala alipofika chumbani mizigo yake ilikuwa imeshatolewa uani, viatu kimoja huku kimoja kule, na wenzake wakitazama kutoka dirishani. Mmoja alipiga makofi, taratibu.

*

Alipata lifti ya lori la mbolea hadi geti la Baumgart. Mzee alikuwa kwenye banda la mashine, amelala chini ya trekta, miguu tu ikionekana. Alipotoka Nuala aliona mtu wa miaka sabini hivi, mkono wa kushoto umepungua vidole viwili.

"Wewe ndiye uliyechukua gari langu," alisema kabla hajasimama sawasawa.

"Ndiyo mimi."

"Na umekuja kuomba msamaha."

"Hapana. Nimekuja kutaka siku sita."

Mzee alifuta mkono kwa kitambaa cheusi kwa grisi. "Raelene kaniambia kulikuwa na binti mlevi, na rafiki yake akaiba gari wakaenda mjini kustarehe."

"Binti alikuwa na nyuzi arobaini na moja na pointi sita. Waulize hospitali. Nilimwambia Trent apige redio kwako. Akasema mzee hasumbuliwi."

Baumgart aligeuka. Alitazama upande wa shamba ambako vani ilikuwa imesimama kama kawaida.

"Kwa hiyo umekuja kunitisha na hiyo ofisi ya kazi."

"Ofisi ya kazi itakuja nikiwapo nisipokuwapo. Mimi nataka siku zangu. Nimeambiwa saini ni ya Raelene."

"Raelene?" Mzee alicheka kwa pua. "Raelene namlipa aniletee watu. Saini ni yangu. Shamba ni langu, pilipili ni zangu, hata hilo vumbi ulilolikanyaga ni langu. Ninyi wote mnakuja kwa ajili ya saini. Miaka kumi na minane, hajaja hapa hata mmoja kwa ajili ya pilipili."

"Lipa vizuri, watakuja wa hapa mjini."

"Mdomo huo ulikuwa wapi siku themanini na mbili?"

"Ulikuwa umefungwa na mama yake Trent."

Akadhani atafukuzwa. Mzee alimtazama bila huruma yoyote, kama anayepima uzito wa gunia.

"Kuna eneo kule nyuma limeshavunwa," alisema. "Plastiki ya matuta iko bado ardhini, na mipira ya maji chini yake. Yote ing'olewe, ikunjwe, ipakiwe. Watu wawili wanaimaliza kwa wiki. Wewe peke yako, siku sita, kuanzia kesho. Malipo ni yaleyale. Ukibakiza mstari mmoja, sisaini. Nyuma ya chumba cha baridi kuna karavani, haina choo. Na sitaki kuisikia sauti yako."

Hakuisikia. Plastiki ilikuwa imezikwa pande zote mbili na kuliwa na jua, ikishikwa inachanika vipande. Siku ya kwanza alivuta mistari minne, na mistari ilikuwa thelathini na mmoja. Siku ya pili kucha mbili zilitoka. Alifunga vidole kwa plasta, akavaa soksi juu ya mikono kama glavu, akaendelea. Alijifunza kukata kwanza ukingo kwa jembe, ndipo avute kwa mgongo, akirudi kinyumenyume kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Siku ya tatu mchana Trent alipita na trekta karibu sana, vumbi lote likamwangukia. Akashuka penye dumu la maji la Nuala, akalifungua, akalipindua kwa mguu. Maji yakaingia ardhini.

"Unatupa maji ya watu, sivyo?" alisema. "Mama anakusalimu. Anasema humalizi."

"Mwambie nimemaliza nusu."

"Mzee amenipigia kelele mbele ya watu wote kwa sababu yako. Unalijua hilo?"

"Nilikuwa mbali, sikusikia. Rudia alichokuambia."

Trent alirudi kwenye trekta, akatia gia, akaondoka. Nuala aliufuata mpira mmoja wa maji mpaka kwenye koki, akafungua, akanywa palepale kwa kiganja. Yalikuwa na ladha ya mbolea.

Jumapili, siku ya sita, saa kumi jioni, mzee alikuja na gari lake. Mistari miwili ilikuwa bado. Alizima injini, akakaa ndani akisoma gazeti huku Nuala akivuta. Saa kumi na mbili jua likawa limeshuka mno, na mstari wa mwisho ukatoka mzima, ule pekee ambao haukuchanika. Baumgart alishuka, akatembea eneo lote, mikono nyuma. Mwishoni kabisa akainama, akainua kipande cha plastiki kisichozidi kiganja, akakishika mbele ya uso wake. Nuala akakichukua, akakitia mfukoni.

Mzee aliitia saini fomu juu ya boneti. Themanini na nane.

"Na ya Hsiu-wen," Nuala alisema.

"Nani?"

"Aliyeanguka. Ana siku arobaini na moja kwako, na ile ya Alhamisi ya arobaini na mbili. Trent aliifuta."

"Hakuimaliza siku ile."

"Shamba lako ndilo lililommaliza yeye."

Mishipa ilimsimama mzee shingoni. Nuala alidhani ataichana fomu iliyokuwa bado mkononi mwake. Akachukua karatasi nyingine, akaandika arobaini na mbili, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

"Usirudi hapa," alisema.

"Sirudi."

Alituma maombi yake kwa simu akiwa stendi ya Tarrabong, zikiwa zimebaki saa nne viza ikwishe, vidole vikiacha damu kwenye kioo. Karatasi ya Hsiu-wen aliitia kwenye bahasha akaiacha mapokezi ya hospitali.

Viza ilitoka baada ya wiki tatu, na Adelaide wakampokea. Mwezi wa pili mkaguzi wa ofisi ya kazi alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafaili mengi mezani.

"Dada, nina tatizo na maelezo yako. Wenzako wa chumba wanasema hawakuona kitu. Bwana Rhodri anasema alikuwa mbali. Na mgonjwa mwenyewe amesaini kwamba alikuwa amekunywa."

"Hakuwa amekunywa. Vipimo vya damu viko hospitali."

"Hospitali hawakupima pombe."

"Basi andika ninayosema mimi." Akamwambia yote, saa, ukavu wa ngozi, redio pajani, kofia juu yake. Akamwambia pia kwamba maji ya watu wote aliyamwaga yeye, na kwamba kijana mmoja wa Kijerumani alitapika kwa sababu hiyo.

"Hilo la mwisho halikusaidii," mkaguzi alisema.

"Liandike."

Mwezi wa nne barua ilikuja. Ushahidi haujitoshelezi, faili limefungwa. Wiki hiyohiyo Hsiu-wen alimtumia ujumbe, wa kwanza na wa mwisho. "Nimepata mwaka wa pili. Raelene alinirudisha, nikamaliza. Usiniandikie tena."

Nuala aliusoma akiwa chumba cha manesi, kabla ya zamu. Hasira ilimkaa siku nzima, akamjibu vibaya mgonjwa asiye na kosa, ikabidi arudi kumwomba radhi. Kwa Hsiu-wen hakuandika tena, kama alivyoombwa.